Semi ya flatibedi na bei yake: hesabu za kufanya kabla hujatuma mzigo mzito mkoani

Watu wengi wakitaka kutoa mzigo mzito Dar kwenda mkoani swali la kwanza wanalouliza kwenye simu ni "tani moja shilingi ngapi mpaka Mbeya?", na dalali akishasikia hivyo anajua anaongea na mgeni, anataja namba yoyote inayomjia kichwani. Tani zinahusika ndio, ila mwenye gari hauzi tani, anauza gari lake kwenda na kurudi pamoja na siku litakazokaa njiani, na hizo tani zako zinamuuma pale tu zinapogusa wese, tairi na mizani ya barabarani. Ukiliangalia hivyo bei nyingi zinazoonekana za ajabu zinaanza kueleweka, na zile za kukupiga nazo unazishtukia mapema.

Ntatumia njia ya Dar – Mbeya – Tunduma maana ndo ina malori kuliko njia zote hapa kwetu, lakini ukienda Kahama au Arusha hesabu ni zilezile unabadilisha kilomita tu.

HATUA YA 1: Ujue mzigo wako kwa namba

Uzito, urefu, upana, kimo, idadi ya vipande. Usimwambie mtu "ni mashine kubwa kiasi", hiyo haimsaidii, atakupangia bei ya juu ili asije akaumia yeye. Mashine nyingi zina kibati kimepigwa riveti ubavuni, pale kuna modeli na mara nyingi uzito, pangusa vumbi piga picha mtumie wasap. Angalizo, jenereta uzito wa kwenye kibati unaweza kuwa wa bila mafuta wala maji, na mashine iliyofungashwa kwenye kreti la mbao huwa inaongezeka kilo za kutosha, kwahiyo uliza ule wa kufungashwa.

Kwa nondo hamna haja ya kubahatisha. Chukua kipenyo kwa milimita, zidisha chenyewe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya 12 ni 144 gawa 162, karibu kilo 0.89 kwa mita, ikiwa na urefu wa mita 12 ni kilo 10.7 hivi kwa moja. Ya 16 inakuja kama kilo 19. Kwahiyo pisi 1,500 za milimita 12 ni tani 16, gari lina nafasi bado, na hapo ndo unajiuliza kwanini usimalizie na saruji (mfuko wa kilo 50, mifuko 20 ni tani moja) maana nafasi hiyo unailipia vyovyote vile. Ila saruji ipande na turubai, tena turubai zima sio lile lenye matobo, flatibedi halina paa.

HATUA YA 2: Flatibedi, semi ya saidi au lobedi?

Hapa ndo bei inaweza kuruka mara mbili kwa uamuzi mmoja tu, kwahiyo tulia.

Semi ni kichwa (gari la mbele lenye injini) kinachovuta trela. Flatibedi ni lile trela wazi kabisa, sakafu tu, urefu mita 12 mpaka 13 hivi, unapakia kwa pembeni au kwa juu na kreni. Lenye saidi ni hilohilo limewekewa kuta fupi za kufungua, zuri kwa vitu vinavyoweza kutambaa kama mifuko. Nondo, mabomba, mabati ya roli, transfoma, mota kubwa, vyuma vya kuezekea godauni, vyote hivyo flatibedi inatosha.

Lobedi ni habari nyingine. Sakafu ya flatibedi iko kama mita moja na nusu juu ya ardhi, ya lobedi iko kwenye mita moja au chini ya hapo. Sasa chukua ekskaveta ya kawaida ile ya tani 20 hadi 22, kabini yake inafika mita 3 kwenda juu, ukiiweka kwenye flatibedi unakuwa na kitu cha mita 4.5 kinachotafuta nyaya na madaraja ya watu. Halafu upana wake ni mita 2.8 na kuendelea wakati sheria inakupa 2.65. Ndo maana ekskaveta inapanda lobedi, na bado inahitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida kupitia TANROADS, bendera, na mara nyingine gari la kuongoza mbele. Mzigo wa namna hiyo unatembea mchana tu. Safari ambayo flatibedi inaenda siku mbili lobedi linaweza kula nne, alafu linarudi tupu maana nani Mbeya ana ekskaveta ya kurudisha Dar wiki hiyohiyo? Vyote hivyo vimo kwenye bei unayotajiwa, jamaa wa lobedi sio wezi kama watu wanavyosema.

Kwahiyo kabla hujakubali lobedi uliza kama mzigo unafunguka. Mfano mzuri ni karasha (mashine za kusaga mawe) za wachimbaji wadogo kule Chunya. Ikiwa imeungwa nzima inakaa vibaya, ndefu, pana, kimo kibaya. Ukimleta fundi akatoa mota, akashusha drumu na kuiweka peke yake, fremu ikalala ubavu, zote zinakaa kwenye flatibedi moja bila kuzidi kokote. Fundi wa kufungua na kufunga utamlipa, ila linganisha na tofauti ya lobedi na kibali na siku za ziada, mara nyingi fundi anashinda. Ekskaveta usijaribu hiyo, buldoza pia, hizo ni lobedi tu.

HATUA YA 3: Elewa mizani, ndo mwenye kauli ya mwisho

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inasema gari zima lisizidi tani 56, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Ekseli ya usukani tani 8. Mbili za nyuma za kichwa cha difu mbili, zenye tairi pacha, tani 18. Tatu za trela zenye tairi pacha, tani 24. Jumlisha, 50. Hiyo ndo semi ya ekseli sita ambayo utaletewa mara nyingi.

Sasa toa uzito wa gari tupu. Kichwa tani 8 au 9, trela 6 mpaka 8, weka wese na vifaa, umeshakula 16 au 17. Kwenye karatasi zinabaki 33, lakini barabarani hazifiki, maana usukani mara nyingi haujazi zile 8 zake hata upakie vipi, kwahiyo ukweli ni tani 28 mpaka 31 kutegemea gari. Mtu akikwambia semi yake ya ekseli sita inabeba 35 "bila shida", shida anayo na atakugawia.

Kitu ambacho wenye mizigo wengi hawakijui ni kwamba unaweza kuwa na tani 20 tu na bado ukakamatwa. Mizani inapima kila kundi peke yake. Transfoma ya tani 20 yenye urefu wa mita 3, ukiiweka nyuma kabisa juu ya zile ekseli tatu kwa sababu kreni ilifika pale kirahisi, trela lenyewe lina kama tani 5 zinazokaa juu ya tairi zake, jumla 25, umezidi. Gari zima liko chini kabisa ya kikomo, ila kundi la nyuma limezidi, na hapo unaweza kulazimika kupanga upya mzigo, hata kupigwa faini. Kupanga upya transfoma pembeni ya barabara pale mizani ya Vigwaza ni kutafuta kreni ije kutoka mjini. Isogeze mbele mita mbili au tatu wakati wa kupakia na hilo tatizo halipo.

Njia ya Tunduma utakutana na mizani za Vigwaza, Mikese, Wenda pale Iringa, Makambako, na Mpemba ukikaribia mpakani. Kupita mizani ya kwanza sio ticketi ya kupita zote, mzigo unahama ukipanda mlima Kitonga, unahama ukipiga breki. Dereva mzoefu akikwambia "tusogeze hili kidogo mbele" msikilize, hakusumbui huyo.

Na jambo moja uliandike kwenye makubaliano: faini ya mizani analipa nani. Kama ulisema tani 26 zikawa 26 na gari likazidi kwa kupakiwa vibaya, hiyo ya mwenye gari. Kama ulisema 26 zikawa 31, ni yako wewe bosi wangu na usibishane.

HATUA YA 4: Piga hesabu ya gari mwenyewe

Sio lazima uwe na kampuni ya malori, kalkuleta ya simu inatosha. Namba ninazoweka hapa ni za kuonyeshea hesabu, weka za siku unayosafirisha.

Dar mpaka Mbeya ni kama kilomita 830. Semi yenye mzigo kamili inakula lita moja kwa kilomita 2 hivi, ikiwa tupu kilomita 3 hivi. Kwenda lita 415, kurudi tupu lita 275 na ushee, jumla 690. EWURA wanatangaza bei kikomo ya mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, chukua ile ya dizeli, sisi tuseme 2,800. Wese peke yake 1,932,000.

Tairi. Kichwa kina 10, trela 12, zinakuwa 22 zinazosagika kila siku. Tuseme moja ni laki saba na inaenda kilomita 80,000, hiyo ni kama shilingi 190 kila kilomita kwa gari zima, mara kilomita 1,660 za kwenda na kurudi, laki tatu na ishirini hivi. Hakuna mtu anaitaja hii kwenye simu lakini mwenye gari anaiota usiku.

Posho ya dereva na utingo, mileji kama wanavyoiita wenyewe, na vihela vya njiani, weka laki nne. Alafu kuna gharama ya gari kuwepo tu duniani: mkopo wa benki, bima, leseni ya LATRA, sevisi, mlinzi wa yadi. Kila mwenye gari ana namba yake ya siku, tuseme laki mbili. Safari nzima na kupakia na kushusha siku 6, hiyo 1,200,000.

Jumla 3,852,000. Weka faida ya asilimia 15 unafika kama milioni 4.43.

Sasa angalia mchezo wenyewe. Ukiwa na tani 28, hiyo ni kama 158,000 kwa tani. Ukiwa na tani 10 na ukataka gari zima liondoke leo, ni 443,000 kwa tani, na mwenye gari hajakuongezea hata mia (wese linapungua kidogo kwa uzito mdogo ndio, lakini vingine vyote viko palepale). Ndo maana "tani bei gani" ni swali lisilo na jibu. Mwenye tani 10 ana njia mbili, asubiri achanganywe na mzigo wa mtu mwingine unaoenda hukohuko, au atafute gari dogo la ekseli tatu au nne linalomtosha.

Na kurudi je? Kwenye hesabu ile ya juu nimemlipisha mteja kurudi kote. Kama mwenye gari ana uhakika wa mzigo wa kurudi, zile lita 275 pamoja na nusu ya zile siku 6 zinalipwa na mtu mwingine, na hapo ndo kwenye nafasi ya kupunguziwa. Mafinga kuna mbao, Mbarali kuna mchele, Mbeya na Njombe viazi, wakati wa mavuno mahindi, na magari ya Zambia na Kongo yanarudi na shaba, ambayo inapenda sana flatibedi. Kwahiyo ukiwa na mzigo wa kutoka Mbeya KUJA Dar wewe ndo mfalme, gari linashuka vyovyote vile, usikubali kulipa kama wanaopanda. Na ukiwa unapeleka juu, uliza "unarudi na nini?" Mwenye gari akicheka ujue ana mzigo tayari.

Ila ukitoka kwenye barabara kuu hesabu inabadilika. Bei ya "Mbeya" inaishia Mbeya. Chunya mjini ni kilomita kama 70 za lami, sio mbaya, lakini mgodini kwako baada ya hapo ni vumbi, mashimo, kona ambayo trela la mita 13 haligeuki, na masika halifiki kabisa. Mtumie dereva video ya kilomita za mwisho. Mara nyingi inakuwa nafuu semi lishushe mjini alafu mzigo umalizie na gari fupi.

HATUA YA 5: Omba bei kwa meseji, sio kwa simu tu

Simu zinasahaulika. Andika kitu kama hiki, tuma kwa watu wanne watano, wakiwemo wenye magari wenyewe na sio madalali peke yao:

"Habari kaka. Nina karasha imefunguliwa vipande vitatu, jumla tani 14, kipande kizito kuliko vyote tani 6, kirefu kuliko vyote mita 5, upana hauzidi mita 2.4. Inapakiwa Vingunguti Alhamisi saa 3 asubuhi, kreni ninayo. Inashushwa Chunya mjini, kreni ninayo. Nahitaji flatibedi yenye minyororo na turubai. Naomba bei ikiwa na VAT, masaa ya bure ya kupakia na kushusha, na bei ya kila siku ya kusubiri baada ya hapo. Unaweza kuongeza mzigo mwingine juu ya gari, sina neno."

Hiyo sentensi ya mwisho ina hela ndani yake. Ukiruhusu kuchanganya, mwenye gari anakugawia gharama. Usipoitaja anajua umekodi lote.

Majibu yakija usichukue ya chini kabisa ukakimbia. Moja ina VAT ya asilimia 18 ndani nyingine haina, moja ina turubai nyingine "utatafuta mwenyewe". Safari za ndani ya nchi bei iwe ya shilingi, tangu 2025 kanuni zinakataza kuwekeana bei ya dola kwa biashara za ndani, mtu akikung'ang'anizia dola kwenda Mbeya kuna namna. Za kuvuka kwenda Zambia na Kongo huko dola ndo kawaida, na huko bei inabeba pia ushuru wa barabara za wenzetu na siku za foleni mpakani ambazo hakuna anayeweza kukuahidi.

Dalali sio adui. Ana magari kwenye simu yake ambayo wewe huna. Muulize tu kamisheni yake iko ndani ya bei au juu ya bei, na uongee na mwenye gari au meneja wake kabla hela haijatoka.

HATUA YA 6: Kreni na masaa

Watu wanabana bei ya gari mpaka laki ya mwisho alafu gari linalala yadi siku mbili kwa sababu kreni haijaja. Ile siku ya kusubiri ulishaiona kwenye hesabu, gari lisilotembea bado linadai. Pande zote mbili, kupakia na kushusha, hakikisha chombo kipo kabla gari halijafika. Kreni inalipwa kwa saa au kwa siku na uwezo wake unapungua kadri mkono unavyonyooka mbali, kreni ya "tani 25" haibebi tani 25 kwa umbali wa mita 8, kwahiyo mwambie opereta uzito na umbali, sio uzito tu. Huko saiti kama kuna ekskaveta wengi wanaitumia kushushia. Kwa vipande vidogo sawa, ila muulize mwenye mashine kwanza, na mikanda iwe ya kunyanyulia sio kamba ya kuvutia ng'ombe.

Kariakoo na katikati ya mji huingii na semi mchana, kama godauni lako liko huko panga kupakia usiku au hamishia mzigo yadi ya nje.

HATUA YA 7: Kufunga na bima

Chuma juu ya chuma kinateleza. Weka mbao chini ya kila kipande, minyororo na vikazio kwa vitu vizito, mikanda kwa vyepesi, nondo zifungwe mabunda na zizuiwe kwa mbele zisije kumfuata dereva kwenye kabini akipiga breki. Piga picha mzigo ukiwa umefungwa, pande zote nne, na namba ya gari ionekane.

Bima kubwa ya gari haigusi mzigo wako. Inatakiwa bima ya mizigo safarini, muulize mwenye gari kama anayo na kiwango chake ni kiasi gani kwa gari moja, maana mashine ya milioni 200 juu ya bima ya milioni 50 ni hasara yako. Ya safari moja unaweza kukata mwenyewe.

HATUA YA 8: Hela zinatokaje

Kawaida ni advansi ya nusu au zaidi kidogo gari likishapakia, kumalizia likifika. Nasema likishapakia. Anayetaka advansi gari likiwa bado "linatoka Kibaha" msubirishe. Kabla hujatuma, ona kadi ya gari na leseni ya dereva, linganisha namba ya kichwa NA ya trela, jina la akaunti liwe la kampuni au mwenye kadi. Dereva aondoke na ankara, risiti ya EFD ya mzigo na delivari noti nakala tatu, akisimamishwa njiani bila hizo siku zinaenda na zitakuwa za kwako.

Mzigo ukifika, mpokeaji wako asisaini hapohapo kwa furaha. Akague kwanza, vikiwa vimegongwa aandike kwenye delivari noti kabla ya saini, na aandike saa gari lilipofika geti na saa lilipomaliza kushusha, dereva naye asaini chini yake. Hiyo karatasi ndo itakayosema kama siku ya kusubiri unadaiwa au hudaiwi, alafu unamalizia salio.